Kabla Hujalipia Programu ya Picha

Mama mmoja alinipigia simu Jumapili usiku. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimepiga picha harusi ya binti yake, Kigamboni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samahani nakusumbua usiku. Baba ametutoka jana. Siku ile ya harusi ya dada yako ulimpiga picha amekaa peke yake, ameshika fimbo, anacheka. Naiomba hiyo tuiweke mbele siku ya mazishi. Tunazika keshokutwa."

Nikampa pole, nikamwambia ataipata asubuhi. Picha yenyewe niliikumbuka vizuri: babu wa bibi harusi, mzee mwenye koti la kijivu lililomzidi mabega, kiti cha plastiki, ukuta wa buluu nyuma yake. Kuipata ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye laptopu kulikuwa na folda inaitwa "Mpya", ndani yake "Mpya 2", na ndani ya hiyo "Mpya ya mwisho". Diski za nje zilikuwa nne, moja imebandikwa plasta iliyoandikwa "harusi". Mtu anayepiga picha za harusi kila wiki ameandika "harusi" juu ya diski yake! Niliipata saa kumi alfajiri, baada ya kufungua picha zaidi ya elfu mbili, moja baada ya nyingine. Na wakati huo wote nilikuwa nalipia kila mwezi programu yenye uwezo wa kugeuza anga la mawingu likawa machweo.

Kwa hiyo nakuandikia wewe uliyeanza kupata kazi za kulipwa, unayeulizia kila mtu "unatumia programu gani kuediti?" Matangazo yatakuonyesha uso kabla na uso baada. Anza na swali la yule mama: hii programu itanipatia picha ya babu kwa dakika ngapi? Mambo ya urembo yaje nyuma.

Kumwaga kadi

Programu inaanza kazi pale unapochomeka memori kadi, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunaburuta picha zote hadi kwenye kompyuta, tunalala, kesho yake tunaifuta kadi. Tafuta programu ambayo wakati wa kupokea picha inaweza kuzinakili sehemu mbili kwa mpigo, yaani kwenye laptopu na kwenye diski ya nje, ikazipa majina mapya, ikaandika na jina lako kama mwenye haki miliki ndani ya kila faili. Lightroom Classic inafanya hivyo, na Photo Mechanic pia. Kadi usiifute mpaka uwe umeziona nakala zote mbili kwa macho yako.

Usidharau suala la majina. Kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999 kisha zinarudi 0001. Ukishapiga harusi nne au tano utakuwa na picha mbili tofauti kabisa zenye jina moja, na siku utakapoziweka folda moja, moja itaimeza nyenzake. Mimi naandika mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha namba: 20240615_Kigamboni_0001. Mwaka unatangulia kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 1 Januari na tarehe 1 Agosti zitakaa jirani, na miaka yote itachanganyika humohumo.

Halafu kuna saa. Kamera haijui saa za Kiswahili, kwa hiyo bwana harusi akikwambia "ile ya saa mbili usiku", wewe katafute 20:00. Hilo utalizoea. Linalosumbua zaidi ni kamera mbili kutofautiana. Msaidizi wangu aliwahi kuja na kamera iliyokuwa nyuma kwa dakika kumi na moja. Programu ilipozipanga picha zetu kwa muda, maharusi wakawa wanalishana keki ambayo bado haijakatwa. Ulizia kama programu inakuruhusu kuzishika picha zote za kamera moja na kuzisogeza mbele dakika 11 kwa amri moja. Na kabla ya shughuli kuanza, kila mmoja wenu aipige picha saa ya simu ileile. Tofauti utaisoma hapo, hutahitaji kukisia.

Ungo

Harusi ya siku nzima, kuanzia saluni hadi ukumbini, hunipa picha kama elfu tatu. Mteja atachukua mia nne. Hizo 2,600 zinazobaki lazima mtu azione na azikatae, na mtu huyo ni wewe. Sasa piga hesabu. Programu inayochukua sekunde mbili kufungua kila picha itakukalisha dakika 100 ukitazama kioo kinachosubiri, na hapo hujaamua kitu. Inayochukua nusu sekunde itakukalisha dakika 25. Hii kasi ndiyo ninayoipima kwanza, kabla ya rangi, kabla ya kitu kingine chochote.

Tofauti inatokana na namna programu inavyoisoma picha. Faili la RAW ni data ghafi, halijawa picha ya kutazamika. Programu nyingine hulipika kila moja upya ndipo ikuonyeshe. Nyingine huchukua ile JPEG ndogo ambayo kamera yenyewe imeipachika ndani ya faili, ikakuonyesha hiyo papo hapo. Photo Mechanic ilijenga jina lake kwa njia hii ya pili, ndiyo maana wapiga picha wa magazeti na wa mpira wameing'ang'ania miaka mingi ingawa haisafishi picha. Lightroom Classic nayo inaweza kutumia JPEG hizo za ndani, ila lazima uichague njia hiyo wakati wa kupokea.

Bibi yangu alipochambua mchele kwenye ungo alitoa mawe na chuya, kilichobaki kikaenda jikoni. Nami kwa miaka nilichambua picha vivyo hivyo: natoa waliofumba macho, natoa zilizotikisika, kinachobaki nampa mteja. Mteja akawa anapokea picha 1,400, na wageni wa meza namba sita wamepigwa mara tisa wakitafuna. Picha hazichambuliwi kama mchele. Sasa ninaokota zile ninazozipenda tu, nyingine zinapita zenyewe bila kufutwa. Mzunguko wa kwanza ni kitufe kimoja cha "ndiyo". Mzunguko wa pili napita kwenye za "ndiyo" peke yake na kuzipa nyota. Programu iwe na kitufe kimoja kwa kila uamuzi, na ikishapokea uamuzi isogee yenyewe kwenye picha inayofuata. Kama kila picha inakulazimu uushike mshale wa kipanya na kutafuta kialama kwenye kona, iache hiyo programu dukani.

Pima na picha ya ukoo. Watu arobaini kwenye ngazi za kanisa, umewapiga mara sita, na kila mara kuna shangazi mmoja aliyefumba macho. Unataka kuziona mbili au tatu ubavu kwa ubavu, ukikuza uso mmoja zote zikuzwe palepale. Programu isiyoweza hili itakufanya uende na kurudi mpaka usahau ulikuwa unamtazama nani.

Siku hizi ziko zinazokuchagulia kwa akili mnemba. Zijaribu, zinaokoa muda kwenye picha za ukumbini. Ila nilipoipa moja harusi nzima, ilinikatalia sala yote. Kila mtu alikuwa amefumba macho.

Neno "mzee"

Nikirudi kwa babu: kwa nini sikumpata? Kwa sababu hapakuwa na mahali popote ndani ya ile picha palipoandikwa kwamba yumo. Kamera huandika yake: tarehe, saa, lenzi, kasi ya kufunga. Kwa kawaida haiandiki nani, wapi, wala kulikuwa na nini. Hayo ni yako kuyaandika, na programu ndiyo inayokupa daftari la kuyaandikia. Hapo ndipo fedha yako iende.

Usitake kuandika maelezo ya kila picha, utachoka wiki ya kwanza. Andika kwa mafungu. Shika picha sitini za kanisani zote kwa pamoja, andika maneno matatu, zimekwisha. Maneno yangu ni machache na hayabadiliki: aina ya shughuli (harusi, sendofu, kitchen party, kipaimara, mahafali, maulidi), mahali, jina la familia. Kisha kuna neno moja nimeliongeza baada ya ule usiku, nalo ni "mzee". Kila picha nzuri ya mtu mwenye mvi akiwa peke yake naitia neno hilo. Tangu hapo nimepigiwa simu kama ile ya Jumapili mara kadhaa, na jibu halinichukui hata dakika. Familia zetu nyingi hazina picha nyingine ya babu au bibi aliyevaa vizuri na kucheka. Yao ni ileile uliyoipiga wewe kwenye harusi ya mjukuu.

Programu inatafuta kwa herufi, haina akili ya ndugu. Ukiandika "sendofu" leo na "send-off" kesho, kwake hayo ni mambo mawili. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu. Kwa hiyo tafuta programu yenye orodha ya maneno uliyokwisha kuyatumia, inayokumalizia neno mara unapoandika herufi mbili za mwanzo. Lightroom Classic inakwenda mbele zaidi: neno moja unaweza kulipa majina mengine ya pembeni. Hiyo kwetu ni dawa, maana mama anayejulikana mtaa mzima kama Mama Asha ana jina jingine kabisa kwenye kadi ya mwaliko, na anayekupigia simu atamtaja kwa lile la mtaani.

Kutambua sura kunasaidia pia. Lightroom ilianza kuwa nako kwenye toleo la 6, mwaka 2015, na digiKam, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, inako. Jaribu utambuzi huo kwa nyuso zetu kabla hujauamini. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni tatu iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Kukisia jinsia si sawa na kumtambua mtu, na mifumo imeboreshwa tangu hapo, lakini inatosha kukufanya ulete picha zako mwenyewe kwenye majaribio. Kwangu programu ilimgawa bibi harusi akawa watu wawili: wa kabla ya saluni na wa baada ya saluni.

Majina hayo ni ya warithi wako pia. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi aliyefanyia kazi majarida ya Time na Life, aliuawa Oktoba 1968 akipiga picha vita vya Biafra. Picha zake nyingi zilikuja kupatikana Nairobi kwenye gereji, miaka kama arobaini baadaye. Hasi ya mkanda ina fadhila hiyo: unaiinua kwenye mwanga wa dirisha, unamwona mtu. Diski iliyokaa gerejini miaka arobaini huwezi kuiinua kwenye dirisha. Kama haina nakala nyingine, na ndani hakuna majina, warithi wako wataitupa pamoja na chaja kuukuu.

Na usitegemee kwamba picha ikipotea utaiomba kwa mteja. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na maelezo uliyoyaandika ndani yake yanaondolewa. Itume kama hati, itafika kama ilivyo.

Rangi za watu wetu

Zamani tulisema "kusafisha picha", tukimaanisha kuuchukua mkanda na kuupeleka studio. Neno bado linafaa. RAW ndiyo mkanda, programu ndiyo chumba cha giza. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Hapo ndipo unapopata nafasi ya kumtoa mtu kivulini bila uso wake kuwa na mabaka.

Programu yoyote ya maana siku hizi haigusi faili lako la asili. Inaandika tu maagizo, kama fundi cherehani anavyoandika vipimo kwenye kijitabu kabla hajakata kitambaa, na unaweza kurudi nyuma hata baada ya mwaka. Ukiona programu inahifadhi juu ya faili la asili, ikimbie.

Jaribio langu ni hili. Chukua picha ya mtu mweusi hasa, amevaa kanzu nyeupe, jua la saa saba mchana. Kamera imechanganyikiwa: imeiokoa kanzu, uso umezama, au imeuokoa uso, kanzu imekuwa karatasi tupu. Iingize kwenye programu unayoijaribu. Shusha mwanga mkali, inua vivuli, kisha itazame kanzu: mishono ya shingoni imerudi? Utazame uso: umebaki na uhai wake, au umekuwa wa kijivu kama umepakwa majivu? Rudia na picha ya ukumbini, pale MC amewashiwa taa za zambarau na kijani, na gauni jeupe linapokea rangi zote mbili. Programu mbili zinaweza kukupa majibu tofauti kwa faili lilelile. Hilo huwezi kuliona kwenye tangazo la mtu anayetembea kwenye theluji.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na priseti za kununua, yaani maagizo ya rangi yaliyopangwa tayari. Nyingi zimetengenezwa na watu wanaopiga wateja wa ngozi nyeupe, na kazi yake kubwa ni kuipandisha rangi ya chungwa ili ngozi ing'ae. Ngozi yetu nayo inakaa kwenye chungwa hilohilo, ila chini zaidi, kwa hiyo ukiipandisha unamchubua mteja wako bila idhini yake. Nimeona albamu ambayo bibi harusi alikuwa na rangi moja, dada yake wa tumbo moja rangi nyingine, na mama mzazi hafanani na yeyote. Programu nzuri inakuwezesha kuchagua uso mmoja na kuurekebisha peke yake. Lightroom ilileta uchaguzi wa mhusika kwa akili mnemba Oktoba 2021 na wa sehemu za mtu, kama ngozi na nywele, mwaka uliofuata. Hii ni kati ya nyongeza chache za miaka ya karibuni ninazoziona zina thamani ya fedha.

Jambo la mwisho hapa ni kazi ya pamoja. Picha 400 kwa dakika tano kila moja ni zaidi ya saa 33. Hakuna bei ya harusi inayolipa hayo. Safisha moja ya kanisani vizuri, halafu zinakilie maagizo yake nyingine hamsini zilizopigwa kwenye mwanga uleule. Uliza kitendo hicho kinahitaji mibonyezo mingapi. Mambo ya kulainisha ngozi sitayasema sana; kila programu inayo, na kila mtu anazidisha.

Ukumbi wa wanawake

Wanawake wanaopiga picha Mombasa, Lamu na Zanzibar wana hitaji ambalo watengenezaji wa programu hawakulifikiria. Usiku wa kupamba, mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachwa wazi, bibi harusi amekaa amejaa hina na dhahabu, na familia imemwamini mtu mmoja tu mwenye kamera. Picha hizo hazipaswi kuonwa na mwanamume asiye maharimu, hata msaidizi wako, hata fundi kompyuta.

Sasa, kuna programu ambazo kazi yake ya kwanza ukiingiza picha ni kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, ndivyo zilivyoundwa. Lightroom ile isiyo Classic ni ya namna hiyo. Zitatokea kwenye simu yako, kwenye tableti wanayochezea watoto, na kwenye laptopu ya msaidizi kama mnatumia akaunti moja. Lightroom Classic, Capture One, darktable na digiKam zinaziacha picha kwenye diski yako mpaka wewe useme vingine. Kwa kazi hizi ningechukua mojawapo ya hizo, nikafungua katalogi ya peke yake kwenye diski yenye nywila, nikazima utambuzi wa sura, na nikakubaliana na familia siku ya kuzifuta. Sheria nazo zimefika: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini nadhani mama wa bibi harusi utamwogopa kabla ya sheria.

Hata kwa picha zisizo na siri, hesabu ya mtandao inakataa. Picha 3,000 za RAW zinaweza kufika GB 80. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika, hizo ni saa 35 na ushee, na bando limekwisha kabla ya mchana wa kwanza. Pandisha zile 400 zilizosafishwa. Ghafi ziache kwenye diski mbili, na moja ya diski hizo ilale nyumba nyingine.

Mlango wa kutokea

Picasa ilipendwa sana mitaani: nyepesi, ya bure, inatambua sura. Google iliachana nayo Machi 2016. Apple ilitangaza mwaka 2014 kwamba haitaiendeleza tena Aperture, na watu waliokuwa wamepanga kazi zao zote humo wakaanza kutafuta pa kwenda. Lightroom 6 ilikuwa ya mwisho kununuliwa mara moja; sasa ni ya kulipia kila mwezi. Hakuna programu utakayozeeka nayo, kwa hiyo kabla hujaingia tazama utatokea wapi.

Nyota zako, maneno yako na maelezo yako yanaweza kuhama nawe kama yameandikwa kwenye faili dogo la pembeni liitwalo XMP, ambalo programu nyingi zinalisoma. Darktable huliandika bila kuambiwa. Lightroom Classic huyaweka yote kwenye katalogi yake, na mpaka uende kwenye mipangilio uiagize iandike XMP, haiandiki. Iagize leo. Maagizo ya kusafisha rangi hayahami. Kila programu ina lugha yake, na ukiifungua picha kwingine utaikuta ghafi. Ndiyo maana kila kazi iliyokwisha naitoa yote kama JPEG kubwa na kuihifadhi kando ya RAW. Ulizia pia kinachotokea ukishindwa kulipa. Lightroom Classic itaendelea kufunguka, picha utaziona na kuzitoa, ila chumba cha kusafishia kitafungwa.

Programu zilizochakachuliwa zinauzwa kwa bei ya soda, najua. Siku utakapobadilisha kamera, nakala hiyo haitazijua RAW zake mpya na huwezi kuisasisha, na aliyeivunja kufuli hujui ameacha nini ndani. Kama fedha hakuna, digiKam ya kupanga na darktable au RawTherapee ya kusafisha ni za bure kwa haki kabisa. Darktable itakusumbua mwezi mzima, nisikudanganye. Vitufe vyake ni vingi kuliko vya rubani. Kama unapata harusi mbili kwa mwezi na kadi ya kulipia mtandaoni unayo, Lightroom Classic ndiyo ningekushauri, kwa sababu ya daftari lake la maneno kuliko rangi zake. Anayepiga mikutano na mpira, anayetakiwa kutuma picha kabla ya mapumziko, aweke akiba ya Photo Mechanic. Capture One naisifu kwa rangi za ngozi, lakini bei yake ni ya mtu mwenye studio.

Chukua muda wa majaribio, na usitumie picha zao za mfano. Ingiza harusi yako ngumu kuliko zote: kamera mbili, jua kali, taa za zambarau, ukoo kwenye ngazi. Kisha mwombe mkeo, mumeo au rafiki akutajie mgeni mmoja wa siku hiyo, umtafute huku saa inahesabu.

Ukishaamua, usihame katikati ya msimu. Subiri Kwaresma au Ramadhani, harusi zinapopungua, uanze na diski moja.